Kadi ya Grafiki kwa Kompyuta ya Mtumba: Fungua Kasha Kwanza

Kompyuta ya mezani ambayo kijana wa kipato cha kawaida anaimudu, awe Kariakoo au Luthuli Avenue, mara nyingi ni mashine ya ofisi iliyokwisha kutumika Ulaya au Dubai: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine ngumu, na kwa barua na mahesabu hazina neno. Shida huanza pale mwenyewe anapotaka ihariri picha na video mchana, na jioni icheze gemu. Maswali haya ndiyo yanayofika mezani kwangu kila wiki, nami nimeyajibu kama ninavyomjibu mteja aliyesimama mbele yangu.

Fundi, nina Dell OptiPlex ile nyembamba, Core i5 ya kizazi cha saba, RAM 16. Nahariri video za harusi na nacheza GTA V. Nichukue kadi gani?

Sikutajii kadi kwanza, mdogo wangu. Fungua kifuniko, usome stika ya pawasaplai. Kwenye mashine nyembamba za aina hiyo kwa kawaida utakuta wati 180 hadi 240, na hutakuta waya wa ziada wa kulisha kadi. Kwa hiyo kadi itakula umeme wa sloti peke yake, na sloti ya PCIe inatoa wati 75, basi. Halafu chukua rula. Kasha hilo linapokea kadi za nusu kimo tu. Unene nao upime: kadi nyingi za nusu kimo hukalia nafasi mbili, na katika baadhi ya makasha pawasaplai imeibana sloti kubwa, hiyo nafasi ya pili haipo.

Ukishajua hayo, orodha inajifupisha yenyewe. Zinabaki tatu za maana: GTX 1650 ya mwaka 2019, RX 6400 ya 2022, na RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024. RX 6400 inavutia kwa sababu inakula wati 53 tu, lakini kwako wewe naikataa. Inaongea na mazabodi kwa njia nne badala ya kumi na sita. Kwenye mazabodi mpya za PCIe 4.0 hasara yake inavumilika. Mashine yako ni ya PCIe 3.0, na hapo njia zilezile nne zinabeba nusu ya mzigo. GB 4 za kadi zikijaa, gemu inaanza kushtukashtuka. Tena AMD hawakuiwekea kitengo cha kukandamiza video, na mtu wa harusi mwenye saa tatu za picha za kurenda Jumapili usiku anakihitaji kitengo hicho kuliko kitu kingine.

Chukua RTX 3050 ya GB 6. Inakula wati 70, haidai waya, inapatikana kwa nusu kimo, na inakandamiza video yenyewe huku prosesa ikipumua. Ila soma boksi mara mbili: iko RTX 3050 nyingine, ya GB 8, ya mwaka 2022, inayokula wati 130 na kudai waya wake. Jina moja, kadi mbili tofauti. Fedha ikipungua, GTX 1650 ya nusu kimo itakusogeza, mradi isiwe na tundu la pini sita mgongoni.

Kuna mtu kaniambia ninunue waya wa kugeuza SATA kuwa pini nane, niweke RX 580 humohumo. Kuna ubaya?

Ubaya upo, na ni wa moto. Kichwa cha SATA kiliundwa kulisha diski. Kwenye laini ya volti 12 hakipaswi kupitisha zaidi ya wati 54. Tundu la pini nane linaruhusiwa kuvuta wati 150, na RX 580 nzima inakula 185. Niliwahi kuletewa mashine ya namna hiyo. Plastiki nyeusi ya kichwa cha SATA ilikuwa imegeuka kahawia, imeyeyuka ikashikana na pini, nikalazimika kuikata kwa koleo. Mwenyewe alisema alikuwa akisikia harufu kwa wiki nzima na kudhani ni vumbi. Bahati yake alikuwa na mazoea ya kuzima mashine kabla ya kulala.

Ukiitaka kadi kubwa, tafuta kwanza kasha la kawaida lenye mazabodi na pawasaplai za kawaida. Zile OptiPlex na EliteDesk zina pawasaplai zenye umbo na vichwa vyake maalumu, kwa hiyo kubadilisha si jambo la kuchomoa na kuchomeka. Na pawasaplai mpya usiibanie fedha. Wati 550 za kampuni inayojulikana zinatosha kadi zote nitakazozitaja hapa.

Nimeona GTX 1050 Ti “mpya” kwa bei ya kutupa. Ni kweli?

Geuza kadi utazame matundu ya nyuma. GTX 1050 Ti halisi haitoi VGA. Ukiona lile tundu la bluu lenye vitundu kumi na tano, irudishe mezani. Kuna kadi za zamani sana, zikiwemo GTS 450 za mwaka 2010, ambazo watu wameziandikia upya BIOS ili Windows izitambulishe kwa jina la kadi mpya. Jina litasomeka vizuri kabisa, gemu ndiyo itakayogoma. Programu ya bure iitwayo GPU-Z inazitambua nyingi na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Iweke kwenye flashi, nenda nayo dukani, na muuzaji akikataa usiifungue, umeshapata jibu lako.

Wengine hawadanganyi, bali jina lenyewe linapoteza watu. GT 1030 ipo ya GDDR5 na ipo ya DDR4. Ya pili kumbukumbu yake ina takriban theluthi moja tu ya kasi ya mwenzake. RX 580 nayo ina toleo la 2048SP, ambalo lina viini 2,048 badala ya 2,304.

Hata 1050 Ti ya kweli leo siisifii tena. Ni ya mwaka 2016, na NVIDIA walitangaza kwamba draiva za gemu mpya kwa kizazi hicho zingeishia Oktoba 2025, kisha marekebisho ya usalama peke yake hadi Oktoba 2028. Kama unayo, itumie. Kama huna, usianze safari nayo.

Kadi iliyochimba sarafu za mtandaoni niikimbie?

Usiikimbie, ipime. Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022, kadi nyingi zilimwagika sokoni, na baadhi ziko kwenye maduka yetu hadi leo. Feni ndiyo huchoka mapema. Izungushe kwa kidole: ikiyumba au ikikwaruza, bei ishuke. Kisha omba iendeshwe chini ya mzigo kwa nusu saa huku mkitazama joto kwenye GPU-Z. Muuzaji mwaminifu hakatai. Vidoa au mistari ya rangi ikitokea kwenye skrini, hiyo ni kumbukumbu inayokufa. Usiinunue hata kwa nusu bei.

Nasoma usanifu majengo. Natumia Blender na Lumion, gemu ni za wikendi tu. AMD au NVIDIA?

NVIDIA, na hapa sisiti. Kwa mchezaji mtupu ningekuambia RX 6600 ya 2021, GB 8, wati 132, kwa sababu katika skrini ya 1080 inacheza karibu kila kitu kwa fedha ndogo. Blender ina habari nyingine. Toleo la 3.0 la Desemba 2021 liliondoa OpenCL, na kadi za AMD za zamani kama RX 580 zikabaki nje, haziwezi tena kurenda kwa Cycles, injini ya kurenda ya Blender. RX 6600 inaweza, lakini kadi za RTX zinatumia njia ya OptiX na kumaliza kazi ileile mapema zaidi.

Tafuta RTX 3060 ya GB 12, mtumba uliopimwa. Ni ya mwaka 2021 na inakula wati 170. Zile GB 12 ndizo nguvu yake: jengo lenye miti, magari na vioo vingi likizidi kumbukumbu ya kadi, kurenda kunatambaa au kunakatika kabisa, hata kadi iwe na kasi gani. Hakikisha imeandikwa 12, maana iko pia ya GB 8.

Na Intel Arc? Nasikia ni rahisi.

Ni rahisi kweli, na B580 ya GB 12 ni kadi nzuri. Lakini Arc inategemea uwezo wa mazabodi uitwao Resizable BAR, ambao mashine za ofisi za kizazi cha saba kwa kawaida hazina. Bila huo kasi inaporomoka. Iweke akilini siku utakapopata mazabodi mpya.

Nimeshaweka kadi, draiva nimeingiza, gemu bado inakwama vilevile. Nimeibiwa?

Kabla ya kurudi dukani, tazama nyuma ya mashine. Mara nyingi kebo ya monita imebaki kwenye tundu la mazabodi, lilelile la siku zote, na kadi mpya iko tupu chini yake. Kama monita yako ni ya VGA, kadi hizi haziitoi. Nunua adapta ya kutoka HDMI au DisplayPort kwenda VGA, ile inayobadilisha mawimbi, si kebo tupu. Hamishia kebo kwenye kadi, washa upya, ndipo uhukumu.