Safari ya Mafuta Utumboni: Umetaboli, Unene na Msamiati Wetu

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuwaachia wenzetu wa tiba: namna utumbo unavyoyashughulikia mafuta, na athari ya kazi hiyo katika unene na umetaboli, yaani ule mfululizo wa mabadiliko ya kikemikali ambayo kwayo mwili hujenga, huvunja na kutumia chakula. Muuguzi wa Wundanyi anayemwambia mama "punguza mafuta" anatumia neno lenye mzigo mzito. Mafuta ni ya taa, ni ya kujipaka, ni ya kupikia, na ni yale yaliyomo tumboni mwa aliyewanda. Kwa kuwa jina ni moja, msikilizaji hudhani kwamba kitu nacho ni kimoja: kilichomiminwa kikaangoni leo ndicho kitambi cha kesho. Kwa hiyo, katika makala haya, yaliwayo tutayaita mafuta, na yaliyohifadhiwa mwilini tutayaita shahamu.

Sehemu kubwa ya mafuta tulayo ni trigliseridi, yaani gliseroli iliyoshikana na asidi tatu za mafuta. Hayapatani na maji, ilhali utumbo umejaa maji. Hapa ndipo nyongo, inayotengenezwa na ini, inapoyatawanya matone makubwa yakawa madogo mno, mithili ya sabuni katika sufuria yenye masazo. (Lugha yetu imeionea nyongo: mambo yakiharibika twasema yametumbukia nyongo, ilhali bila nyongo mafuta mengi yangetoka yalivyoingia.) Kisha lipasi, kimeng'enya kitokacho kwenye kongosho, hukata asidi mbili kati ya zile tatu. Vipande hivyo huingia katika seli za ukuta wa utumbo mwembamba. La kushangaza ni kwamba seli hizo, baada ya uvunjaji wote huo, huviunganisha upya vipande vile vile kuwa trigliseridi, na kuzifunga pamoja na protini katika vifurushi viitwavyo kilomikroni.

Msomaji anayeijua Voi ataielewa hatua inayofuata kwa urahisi. Voi ni njia panda: reli kuu ya kwenda Nairobi hupita hapo, na tawi lililojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia lilichepuka kuelekea Taveta. Sukari na protini zilizomeng'enywa hushika njia kuu, yaani mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini. Kilomikroni hushika tawi: huingia katika mishipa ya limfu, hupanda hadi karibu na shingo, ndipo zikaingia katika damu. Hivyo misuli na tishu za shahamu huanza kupakua mzigo kabla ini halijapokea masalio.

Je, utumbo ni bomba la kupitishia tu? Mwaka 2009 watafiti wa Gladstone huko San Francisco walichapisha uchunguzi wa panya waliokosa MGAT2, kimeng'enya kinachoshiriki katika ule uunganishaji upya. Panya hao walilishwa chakula chenye mafuta mengi na wakafyonza kiasi kile kile cha mafuta kama wenzao. Hata hivyo hawakunenepa kama wao. Mafuta yaliingia katika damu polepole zaidi, na miili yao ikatumia nishati zaidi. Katika uchunguzi wa mwaka 2013, panya wa aina hiyo walirudishiwa kimeng'enya hicho utumboni peke yake, na sehemu ya uwezo wa kuweka akiba ya nishati ikarejea. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja nzito kupita zote: si kiasi cha mafuta yanayofyonzwa pekee kiamuacho unene, bali pia namna na kasi ambayo utumbo unayapokeza mwilini.

Panya si binadamu, bila shaka. Kwa binadamu, dawa ya orlistati huizuia lipasi, na takriban asilimia 30 ya mafuta yaliyoliwa hutoka na choo. Usumbufu wake wajulikana na waliowahi kuitumia. Aidha, utumbo ukikutana na mafuta hutoa homoni inayochelewesha tumbo kumwaga chakula na kuleta shibe. Mafuta, kwa hiyo, hayaji kama adui mtupu.

Suala hili linatuhusu. Takwimu za kitaifa za afya zilionyesha kuwa wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene wa kupindukia walikuwa asilimia 25 mwaka 2008/09, na asilimia 33 mwaka 2014. Kimanga cha Wadawida, maharagwe yaliyopondwa pamoja na muhogo au viazi vitamu, kina mafuta machache kuliko chipsi. Na gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya wanga 4. Anayepanda miteremko ya Wundanyi na jembe huitumia nishati hiyo. Anayeketi dukani kutwa huiweka akiba.

Ushauri wa kliniki basi ungeweza kusemwa hivi: "Mama, mafuta unayokula si shahamu bado. Utumbo huyavunja, huyaunga tena na kuyasafirisha. Yale ambayo mwili haukuyatumia ndiyo yanayogeuka shahamu. Tupunguze yanayoingia, tuongeze yanayotumika."