SOMO: Fedha za Serikali na Haki ya Kupata Kazi

Ndugu mfanyakazi, sare unayoshona kiwandani huenda inavaliwa na askari, na sukari ya shamba lenu huenda inatiwa katika chai ya wagonjwa wa hospitali ya wilaya. Hapo mnunuzi ni Serikali, na fedha anazonunulia ni kodi yetu. Je, mnunuzi mkubwa namna hiyo aweza kumwambia tajiri, "Sinunui kwako mpaka uajiri watu bila ubaguzi"? Aweza. Tutazame jinsi chama cha wafanyakazi huko Marekani kilivyomlazimisha aseme hivyo.

Mwaka 1941 vita vilikuwa vimewaka Ulaya, na viwanda vya Marekani vya ndege, meli na silaha vilipewa kandarasi kubwa za Serikali. Kazi zilikuwa nyingi, lakini mtu mweusi akifika langoni aliambiwa hakuna nafasi, au akapewa ufagio. Kodi yake lakini ilipokewa bila kuulizwa rangi.

A. Philip Randolph alikuwa kiongozi wa chama cha wahudumu wa mabehewa ya kulala ya treni. Chama hicho kiliundwa mwaka 1925, na kilipigana miaka 12 kabla ya kampuni ya Pullman kutia sahihi mkataba nacho. Watu wa namna hii hawatishiki upesi. Randolph alitangaza maandamano mjini Washington tarehe 1 Julai, akataja watu 100,000. Rais Roosevelt alijaribu kumshawishi ayafute. Randolph akakataa: kwanza amri, ndipo maandamano yaachwe. Tarehe 25 Juni Rais akatia sahihi Amri namba 8802, iliyokataza ubaguzi wa rangi, dini au asili ya mtu katika viwanda vya vita na katika kazi za Serikali, na kuagiza sharti hilo liandikwe ndani ya kandarasi za vita.

Hata hivyo kamati iliyoundwa kusikiliza malalamiko haikuwa na nguvu ya kumwadhibu mwajiri, na ilikwisha mwaka 1946. Wanawake nao hawakutajwa. Amri namba 11246 ya mwaka 1965 ndiyo iliyokuwa na meno: mwajiri mbaguzi aliweza kuvunjiwa kandarasi na kunyimwa nyingine, na mwaka 1967 ubaguzi wa kijinsia uliongezwa humo. Ilidumu karibu miaka 60. Januari 2025 Rais Trump akaifuta kwa sahihi moja. Kwa hiyo sharti lililo katika sheria ya Bunge na katika mkataba wa chama na mwajiri ni salama zaidi kuliko amri ya mtu mmoja.

Turudi kwetu. Mkataba namba 94 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema kwamba anayefanya kazi chini ya kandarasi ya Serikali asipewe mshahara, saa au hali duni kuliko wenzake wa kazi hiyo katika eneo hilo. Masharti yabandikwe kazini mahali pa kuonekana. Mkandarasi mdogo aliyepewa sehemu ya kazi naye anabanwa. Na mkandarasi akikaidi, malipo yake yaweza kuzuiwa ili wafanyakazi wapate haki yao. Kenya, Uganda na Tanzania ziliuridhia mkataba huo miaka mingi iliyopita.

Tena, Kenya hutenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa makampuni ya vijana, wanawake na walemavu, na Tanzania nayo ina fungu la asilimia 30 kwa makundi maalum. Ni jambo jema. Lakini fungu hilo linamtazama mwenye kampuni. Halimtazami mwanamke anayefagia wodi chini ya kampuni hiyo: kama analipwa sawa na mwanamume, kama hafukuzwi akishika mimba. Mwenye kampuni kuwa mwanamke hakumhakikishii mfagizi huyo lolote. Chama ndicho cha kuuliza.

Kwa mazungumzo ya tawi: Bidhaa zipi za kiwanda au shamba lenu hununuliwa na Serikali, halmashauri au shirika la umma? Ni nani kati yenu amewahi kuona masharti ya kandarasi yamebandikwa ukutani? Na kazi zipi hapo kwenu hupewa wanaume tu, au watu wa kabila moja, ingawa hakuna mahali palipoandikwa hivyo?