Somo: Dende, mtaji wa kwanza wa mtoto



Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure. Lakini mtoto akifika sekondari, minerivali inarudi. Hapo vijana wengi wanaacha kalamu na kukimbilia mashimo ya madini, upande wa Rubaya ao Bisie. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inakataza kazi inayoharibu afya yake. Ila kukataza peke yake haitoshi: mtoto anataka kaye, anataka viatu. Tumuonyeshe kazi ndogo ya pale nyumbani, atakayofanya akitoka masomoni.

Juu ya nini dende?

Dende haombi shamba. Anakula majani, na mtoto wa miaka 10 anamuweza. Jike anabeba mimba siku karibu 68, kisha anazaa watoto 2 mpaka 4. Na vita ikitushitua, dende wanaingia kwa kikapo kimoja, ng'ombe hafichiki.

Tuhesabu kidogo. Majike 2, kila moja azae mara 3 kwa mwaka, na kila mara wapone watoto 2: ni dende 12.

Namna ya kuwafunga

1. Kibanda kiwe kikavu, na panya, paka na mbwa wasiingie. Masisi kuna baridi: weka majani makavu chini. Walikale kuna joto: acha hewa ipite.

2. Wape majani mabichi kila siku: matembele, majani ya mahindi, majani ya porini wanayozoea. Ndiyo yanawapa vitamini C, wakiyakosa wanagonjwa. Majani yenye umande yaanikwe kwanza, yasivimbishe tumbo. Majani ya birayi (viazi vya kizungu) usiwape, ni sumu.

3. Dume moja linatosha majike 5 mpaka 7. Watoto wakifika wiki 3, tenga madume. Mubadilishane madume na majirani, ili kaka asizalishe dada yake.

4. Mavi yao usitupe. Ni mbolea nzuri ya maharagi na mboga.

Koperative ifanye nini?

Mukopeshe mtoto majike 2 na dume 1. Wakizaa, arudishe majike 2 na dume 1, mupatie mtoto mwingine. Kwa wale 12 tuliohesabu, anabaki na 9 pamoja na wale wa kwanza.

Feza ni ya nani?

Hapa ndipo kazi inaharibikia. Mtoto anafuga, mgeni anafika, baba anachinja dende bila kuuliza. Ao mama anauza wawili, anasema "nitakurudishia", na siku zinapita. Mtoto akiona hivyo mara mbili, anajua kazi yake haina faida, na shimo la madini linamuita tena.

Basi mtoto awe na kaye yake: waliozaliwa, waliokufa, waliouzwa, feza iliyoingia. Mzazi amusaidie kuhesabu na kuchunga feza, asiikule. Nyumba ikiwa na shida kweli, mzazi aombe, na deni liandikwe kwa kaye kama deni lingine lolote.

Maswali ya kujadili

- Kwetu, ni watoto wangapi wameacha masomo kwa kukosa minerivali?
- Nani ana dende wa kukopesha leo?
- Mzazi akiuza dende wa mtoto bila ruhusa, koperative itasema nini?