Kazi Mchana, CPA Jioni: Tunza Afya Yako ya Akili

Unafanya kazi mchana na kusomea CPA au stashahada ya biashara jioni? Karo, kodi ya nyumba na mtihani vinapokutana mwezi mmoja, kinachokatwa kwanza huwa ni usingizi.

Uchovu wa siku mbili tatu ni kawaida. Lakini huzuni, hasira au kukosa usingizi kukidumu zaidi ya wiki mbili, huo si uvivu. Tafuta msaada.

1. Punguza mzigo. Uliza chuoni kama unaweza kufanya karatasi chache msimu huu na zilizobaki msimu ujao.

2. Pumzika. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Usiijaze yote kwa vitabu.

3. Zungumza. Fika kituo cha afya cha umma kilicho karibu nawe, au piga 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

Ukipata mawazo ya kujidhuru, usingoje: mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitalini mara moja.

Mtihani una msimu mwingine. Uhai hauna.