Adui wa Mdudu wa Muhogo

Twajua ya kuwa muhogo ndio akiba ya nyumba mvua ikikosa. Lakini mwaka 1973 alionekana nchi ya Kongo mdudu mdogo, mweupe kana kwamba amenyunyiziwa unga, akainyonya mihogo hata ikadumaa. Asili yake Amerika ya Kusini, na huku Afrika hakuwa na adui. Basi wataalamu wa mataifa mbalimbali wakashirikiana kumtafuta adui wake. Mwaka 1981 alipatikana Paraguay: nyigu mdogo sana, atagaye yai mwilini mwa mdudu yule, na buu humla toka ndani. Kwanza alichunguzwa London, asije akaleta madhara mengine. Hapo twaiona busara yao. Kisha akapelekwa Ibadan, Nigeria, akaachiliwa mashambani. Toka huko alienezwa nchi nyingi zilimazo muhogo, wala mkulima hakutozwa hata senti.