Kijana hodari anayeumia kila msimu: Aachwe au angojewe?

Mchezaji mwenye kipaji akiumia mara moja, watu humwonea huruma. Akiumia mara ya tatu, huruma hugeuka manung'uniko: "Huyu ni dhaifu, aachwe." Juma hili tutalichunguza suala hilo kwa upande wa afya, tukitumia kisa cha Mark Prior, aliyekuwa mrushaji wa klabu ya besiboli ya Chicago Cubs nchini Marekani.

Katika mchezo huo, mrushaji humtupia mpira mpinzani aliyeshika gongo, kwa kasi inayoweza kupita kilomita 140 kwa saa. Huenda akarusha mara 100 katika mechi moja, kisha apumzishwe siku kadhaa.

Mwaka 2003 Prior, kijana wa miaka 22 msimu ulipoanza, alishinda mechi 18 na kushindwa 6 tu. Mwaka 2004 alikosa miezi miwili ya kwanza kwa sababu ya kano ya kisigino. Mwaka 2005 mpira uliogongwa ulimpiga kwenye kiwiko na kuvunja mfupa. Mwaka 2006 bega lilimsumbua, akaanza mechi 9 pekee. Aprili 2007 alipasuliwa bega na hakucheza msimu wote. Ilipofika Desemba, klabu ilikuwa na uamuzi mgumu: impe mkataba mwingine au imwache?

Waliotaka abaki walisema kwamba kipaji kama chake ni adimu, na kwamba alikuwa na miaka 27 tu. Waliopinga waliuliza klabu itamlipa mtu asiyecheza hadi lini.

Je, daktari angeuliza nini?

Kwanza, ni jeraha gani? Si haki kuyajumlisha majeraha yote na kumwita mtu dhaifu. Mpira uliomvunja kiwiko ulikuwa ajali, na ungemvunja yeyote. Mfupa uliovunjika huunga. Bega ni jambo tofauti, kwani liliumia katika kazi yenyewe ya kurusha.

Pili, ni kiungo gani? Kano ya kiwiko ikikatika, daktari huweza kuweka nyingine iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili. Upasuaji huo ulifanywa na Dkt. Frank Jobe mwaka 1974 kwa mrushaji Tommy John, ambaye alirudi uwanjani mwaka 1976 na kucheza hadi 1989. Bega halitabiriki hivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa juu ya kibao kifupi, mfano wa chungwa juu ya kisahani, kikishikiliwa na misuli na kano. Hizo zikilegea au kuchanika, kurudia kasi ya awali ni vigumu hata baada ya upasuaji.

Tatu, amepewa muda wa kutosha kupona? Anayerudishwa mapema hubadilisha namna ya kurusha ili akwepe maumivu, na hivyo huumiza kiungo kingine.

Kwa kipimo hiki, klabu haikukosea ilipomwacha Prior Desemba 2007. Klabu ya San Diego Padres ilimchukua, lakini bega lilihitaji upasuaji tena mwaka 2008, na hakurudi kucheza katika ligi kuu. Hata hivyo, lililomwondoa ni bega, wala si uvivu au ukosefu wa moyo. Baadaye akawa kocha wa warushaji wa Los Angeles Dodgers, mabingwa wa mwaka 2020.

Mzazi na mwalimu wa michezo, hata kama besiboli haichezwi kwenu, mtoto arushaye mkuki au mpira wa kriketi hutumia bega na kiwiko hivyo hivyo. Zingatieni haya:

* Maumivu yanayorudi kila anaporusha si uvivu. Apumzike, na yakiendelea aonwe na daktari.
* Ganzi vidoleni, maumivu ya usiku au kupungua kwa nguvu ya kurusha ni dalili za hatari.
* Asirusha mwaka mzima. Mwongozo wa besiboli ya vijana Marekani hushauri apumzike kurusha angalau miezi minne kila mwaka.
* Asipewe dawa za kutuliza maumivu ili acheze. Dawa huficha maumivu, lakini jeraha huendelea.

Kabla ya kumwacha kijana au kumrudisha uwanjani, ulizeni kwanza kilichoumia ni nini.