Jumatatu si Siku ya Tatu
Somo kwa wageni waliofika karibuni mkoani Kigoma kutoka Kongo na Burundi



Anayevuka mpaka na kuingia Tanzania huyaona mambo makubwa mwenyewe: bendera nyingine, askari wa sare nyingine, foleni ya kuandikishwa. Yanayomkwamisha baadaye ni yale madogo, kwa sababu anadhani tayari anayajua. Mkongo anasikia Kiswahili kila mahali na kujiona kama yuko nyumbani. Mrundi anamsikia Muha akiongea Kiha, lugha iliyo karibu sana na Kirundi, naye anatulia. Baada ya wiki moja wote wawili wanakosa siku ya kliniki.

Tunaanza na siku na saa, maana anayekosea hapo hukosa mgao au matibabu. Mengine yatafuata.

SIKU ZA JUMA

Burundi siku ya kwanza ya kazi huitwa ku wa mbere, inayofuata ni ku wa kabiri, kisha ku wa gatatu, ku wa kane na ku wa gatanu. Rwanda ni hivyo hivyo. Huko Kivu na Katanga watu wengi husema siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, na kuendelea mpaka siku ya posho na siku ya Mungu. Hesabu zote hizo zinaanzia ile siku ambayo Wafaransa huiita lundi.

Kiswahili cha Tanzania hakianzii hapo. Kilikulia pwani, kwa watu waliokusanyika msikitini siku ya Ijumaa, na juma lao liliishia siku hiyo. Siku iliyofuata ndiyo ya kwanza, yaani Jumamosi, maana mosi ni moja. Kisha Jumapili ni ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Baada ya hapo inakuja Alhamisi, neno la Kiarabu ambalo nalo maana yake ni siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu siku ya Jumapili. Kwa hiyo juma la Kiswahili lina siku mbili zenye jina la tano, na Watanzania wengi hawalitambui jambo hilo mpaka mgeni awaulize.

Sasa tuchukue mfano. Mama ameambiwa amlete mtoto kwa chanjo Jumatatu. Sikio lake linashika "tatu", na kichwani mwake tatu ni ku wa gatatu. Anafika Jumatano, siku mbili baada ya siku aliyopangiwa. Kwa chanjo atapewa siku nyingine. Ikiwa ni mgao wa chakula, kundi lake limekwisha kupita, na itambidi aanze kueleza mbele ya watu ambao wamekwisha kusikia maelezo mengi siku hiyo.

Njia rahisi ya kukumbuka ni kutoa mbili. Jumatatu, toa mbili, inabaki moja: ni siku ya kwanza ya kazi, lundi. Jumanne inabaki mbili, Jumatano inabaki tatu. Alhamisi na Ijumaa hazina namba ya kutoa, basi zishike kwa kichwa: Alhamisi ni ku wa kane, Ijumaa ni ku wa gatanu.

Njia iliyo bora zaidi ni kumwomba anayekupa siku akuandikie na tarehe. Tarehe haina ubishi, kwani Tanzania, Kongo na Burundi zote huandika siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka. Kama hakuna karatasi, uliza: "Ni baada ya siku ngapi?" Usione haya kuuliza mara mbili.

SAA

Kongo ya mashariki na Burundi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ikiwa ni saa nne asubuhi Kasulu, Uvira na Bujumbura ni saa tatu. Wengi mnalijua hili na mmekwisha kurekebisha saa zenu. Lakini jua halirekebishwi.

Saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao hupita baharini, mbali na pwani ya nchi hii. Kasulu iko karibu na nyuzi 30. Jua huchukua dakika 4 kupita uzi mmoja, na kwa nyuzi 15 hizo ni dakika 60 kamili. Ndiyo maana hapa Kigoma, kwa sehemu kubwa ya mwaka, jua linachomoza karibu na saa moja asubuhi, linakuwa utosini karibu na saa saba mchana, na kuzama karibu na saa moja jioni. Uvira na Bujumbura hutumia mstari wa nyuzi 30, ambao uko jirani nao, kwa hiyo huko jua la utosini ni saa sita, kama mlivyozoea tangu utotoni.

Matokeo yake ni kwamba mtu anayekadiria wakati kwa kutazama kivuli atachelewa saa nzima kila siku, huku akiapa kwamba amewahi. Wazee wetu ndio wanaopata shida hii zaidi, na si kwa uvivu. Vijana wenye simu wawasaidie, lakini nao waangalie: ukiwa ziwani au karibu na mpaka, simu ikishika mtandao wa ng'ambo inaweza kujirudisha nyuma saa moja bila kukuambia.

Jambo jingine ni namna ya kuandika. Kwenye tangazo la Kiswahili utakuta "saa 2:00 asubuhi". Aliyesoma kwa Kifaransa anaisoma kama saa ya usiku wa manane, anacheka, na kusema mwandishi amekosea. Hakukosea. Ni saa mbili asubuhi ya Kiswahili, ambayo kwenye simu huonekana kama 08:00. Lakini kadi iliyoandikwa kwa Kiingereza itakuwa na 8:00, na hiyo pia ni saa mbili asubuhi. Kabla ya kusoma namba, tazama kwanza karatasi imeandikwa kwa lugha gani.

MANENO YALE YALE, MAANA NYINGINE

Hapa Wakongo wawe macho kuliko Warundi. Mrundi asiyejua neno huuliza, lakini Mkongo anayo tayari maana yake ya nyumbani.

La kwanza ni bibi. Kongo bibi ni mke. Tanzania bibi ni mama mzaa baba au mzaa mama, au namna ya kumwita mwanamke kwa heshima. Mwanamume akimwambia karani, "Nimekuja na bibi yangu na watoto watatu," karani anaweza kuandika nyanya badala ya mke, na karatasi ikishaandikwa hivyo, kuisahihisha ni kazi ndefu. Sema "mke wangu". Na "yaya", ambaye kwa Wakongo ni kaka au dada mkubwa, hapa ni mtu aliyeajiriwa kulea watoto. Msichana akisema "Nimeletwa na yaya," karani ataandika kwamba msichana amefika bila ndugu. Aseme "kaka yangu mkubwa" au "dada yangu mkubwa".

Katika uandikishaji hata neno mtoto linahitaji maelezo. Kwetu sote mtoto wa ndugu ni mtoto, na hakuna aibu kusema hivyo nyumbani. Mbele ya karani, taja aliyemzaa: mtoto wa kaka yangu, mtoto wa dada yangu. Watanzania nao wana majina ya kutenganisha: mjomba ni kaka wa mama, shangazi ni dada wa baba, baba mdogo ni mdogo wake baba. Maneno ya Kifaransa kama oncle na tantine hayatenganishi upande wa baba na upande wa mama.

Zahanati nako kuna neno la kuangalia. Mkongo husema anakwenda kwa munganga, yaani daktari. Mtanzania wa kawaida akisikia "mganga" hufikiria kwanza mganga wa kienyeji mwenye mizizi na hirizi, ingawa ofisi za serikali bado humwita daktari mkuu wa wilaya Mganga Mkuu. Ukimwambia nesi kwamba mtoto "alipewa dawa na munganga" kule ulikotoka, anaweza kudhani alinyweshwa mitishamba, na hilo linaweza kubadilisha dawa atakayompa. Sema "daktari", na kama unalo jina la dawa, litaje.

Sokoni makosa ni ya kuchekesha tu. Makala ya Kongo ni mkaa, na hapa makala ni maandishi kama haya unayoyasoma, ambayo hayapiki maharage. Kinga ya Kongo ni baiskeli, na hapa kinga ni kile kinachozuia ugonjwa. Sombe huitwa kisamvu, lengalenga huitwa mchicha, ndagala huitwa dagaa, kikwembe huitwa kitenge.

Kuna pia adabu ya maneno. Kumuuliza mtu "Mama iko?" kunamkera Mtanzania, kwa sababu kwake "iko" ni ya kitu, kama ngoma au nyumba. Kwa mtu ni "yupo". Dukani, "nataka chumvi" si tusi, lakini "naomba chumvi" inafungua uso wa muuzaji. Salamu ya "jambo" wataiitikia huku wakitabasamu, maana wao wameiachia watalii. Husema "habari za asubuhi" au "hujambo". Kijana akikusalimu "shikamoo", anakuheshimu kwa umri wako, na jibu ni "marahaba". Mzee anayekaa kimya kwa sababu hajui jibu huonekana amekasirika, na kijana anaondoka akijiuliza amekosa nini.

BARABARANI

Kongo, Burundi na Rwanda magari hupita upande wa kulia. Tanzania hupita kushoto. Hili lingekuwa dogo kama lingekuwa la madereva peke yao, lakini hatari kubwa iko kwa anayetembea.

Tangu utotoni shingo yako imezoea kutazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka, kwa kuwa ndiko gari la karibu linakotokea. Hapa gari la karibu linatokea kulia. Tazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, ndipo uvuke. Watoto wafundishwe kabla hawajatumwa ng'ambo ya barabara, na wafundishwe barabarani kwenyewe, kwa miguu.

Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, tembea upande wa kulia ili magari ya karibu yaje usoni pako. Ukishika kushoto, kama ulivyozoea, yatakuja mgongoni. Anayeendesha baiskeli afanye kinyume chake: ashike kushoto pamoja na magari. Wala usikadirie kwa kutazama usukani, kwa sababu Burundi na Kivu kuna magari mengi yenye usukani wa kulia ingawa hupita kulia.

FEDHA NA MIFUKO

Kongo dola ya Marekani hununua hata mchele, mradi noti isiwe na mchaniko hata mdogo. Hapa ni shilingi tu. Tangu Machi 2025 kanuni za serikali zinakataza kupanga bei au kulipia bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni, hivyo muuzaji anayekataa dola yako hakubagui. Noti zinazotumika ni za 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000. Noti ya 500 iliondolewa, na muda wa kuibadilisha uliisha Aprili 2025. Akikupa mtu noti hiyo kama chenji, irudishe, udai sarafu. Ukisikia "buku" ni 1,000, na "jero" ni 500.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Nenda sokoni na kikapu.

Kutoka kambini bila kibali ni jambo la sheria, si la mazoea, na liko katika Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Soko la kijiji likiwa karibu kiasi gani, uliza kwanza ofisi ya kambi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Leo ni Alhamisi. Nesi amesema urudi Jumanne. Utarudi baada ya siku ngapi?
2. Tangazo la Kiswahili linasema mkutano ni saa 3:00 asubuhi. Simu yako itaonyesha namba gani?
3. Taja maneno mengine mawili ya nyumbani kwenu ambayo hapa yana maana tofauti. Mojawapo likisemwa mbele ya karani au nesi, linaweza kuleta shida gani?
4. Mtoto wako anavuka barabara kwenda kisimani. Mpeleke leo, mwache akuonyeshe anatazama wapi kwanza.